Darubini Iliyopaa Ngomeni

Sisi watu wa pwani ya Malindi tulilelewa tukiitakidi kwamba nyota hazina mageuzi, kwani manahodha wa Lamu na Unguja walizitegemea usiku kucha, na wajuzi wa falaki walihesabu kwazo miongo ya kaskazi na kusi wasione khitilafu. Itikadi hiyo nilikuwa nayo kamili nilipoandikwa kazi Ngomeni, katika kituo cha San Marco cha Waitaliani wa Chuo Kikuu cha Roma, ambako wenyeji wengi tuliendesha mashua na kuwavusha mafundi baina ya nchi kavu na majukwaa mawili ya chuma yaliyosimama baharini.

Mwaka 1970 Wamarekani walileta chombo chenye uzito wa zaidi ya kilo 140, nasi tukalivusha sanduku lake huku fundi mmoja akitukataza kulishika kwa mikono yenye chumvi. Nilistaajabu kuambiwa kuwa ile ni darubini, maana haikuwa na kioo wala lenzi. Ubavuni mwake mlikuwa na vijumba vyembamba vya metali, mfano wa shada la matete yaliyokatwa sawasawa, na nyuma yake vyumba vya gesi vya kuhesabia eksirei. Fundi yule akanifahamisha kwamba eksirei za nyota humezwa zote na hewa kabla ya kufika ardhini, na kwamba chimbuko la kwanza la namna hiyo nje ya jua letu, katika burji ya Akrabu, liligunduliwa mwaka 1962 kwa roketi iliyokaa juu ya hewa dakika chache tu kisha ikarudi chini. Dakika chache! Chombo chetu kilikusudiwa kukaa huko muda mrefu, kikijizungusha polepole na kuipekua mbingu yote. Ngomeni ilichaguliwa kwa kuwa karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma roketi, na chombo kikizunguka juu ya mstari huo huepukana na sehemu kubwa ya mnururisho ambao ungeiharibu hesabu yake.

Kikapaa tarehe 12 Desemba 1970, baada ya kucheleweshwa hata jua likawa kali, ilipokaribia saa nane za mchana. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya saba ya uhuru wa Kenya, Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi upande wa NASA, alikiita Uhuru.

Habari zilizofuata zilinivunjia itikadi yangu. Mwanafizikia Riccardo Giacconi na wenzake, kwa chombo hicho, waliona katika kundinyota la Centaurus chimbuko linalopiga kila baada ya sekunde 4.8, na kila siku mbili likatoweka kwa muda, kwani lilikuwa nyota ndogo nzito mno iliyokuwa ikimzunguka mwenzake na kumnyang'anya gesi yake. Chimbuko jingine, Cygnus X-1, nalo likashukiwa kuwa shimo jeusi, na leo wataalamu wamekubali. Chombo kilinyamaza mwaka 1973, kikiacha daftari la machimbuko 339, na Giacconi akatunukiwa Nobel mwaka 2002. Vijana wetu wengi hupita mbele ya majukwaa yale wakidhani ni mitambo ya mafuta; ninawasihi walimu wa Malindi wawapeleke ufuoni, wawaonyeshe, na wawasomeshe habari hii tangu darasa za chini.