Maboma Matatu, Mabati ya Mawili

Diwani mzoefu hafungui kabrasha kuanzia ukurasa wa kwanza. Anaanzia nyuma, kwenye viambatisho, kwa sababu huko ndiko wakuu wa idara hupenda kuweka yale wasiyotaka yaulizwe. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyabana makabrasha hayo. Nilianza enzi za stensili na mashine ya kudurufu iliyotutia wino hadi viwikoni, nikamalizia enzi za vishikwambi, na katika muda wote huo sikuona kiambatisho hata kimoja cha mapato na matumizi kikiwekwa mbele.

Niliajiriwa mwaka 1991 kuwa karani wa masjala, nikapelekwa chuo, nikaishia mwandishi wa vikao: yule mama anayekaa nyuma ya Mkurugenzi na daftari lake, asiyepiga kura wala kuombwa maoni. Nimefanya kazi katika halmashauri za miji zaidi ya moja, kwani watumishi tunahamishwa, na humu nitazichanganya makusudi. Wengi wa ninaowasimulia bado tunakutana misibani.

Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, mwenye kauli ya mwisho mjini ni Baraza la Madiwani, na Mkurugenzi ni katibu wake. Siku ya Baraza inapendeza. Siwa inatangulia, Mstahiki Meya anaingia na joho na mkufu wake, tunasimama, dua inasomwa, muhtasari wa kikao kilichopita unathibitishwa, kisha yatokanayo. Mgeni angedhani hapo ndipo fedha zinapogawanywa. Kwa niliyoyaona, bajeti ikifika ukumbini imeshaiva. Madiwani watasema sana, maana redio ipo na wapiga kura wapo kwenye viti vya nyuma, lakini kitakachobadilika ni mistari michache.

Inaivia wapi? Kwanza kwenye ukomo. Kila mwaka, kuelekea mwisho wa mwaka wa kalenda, serikali kuu hutoa mwongozo wa mpango na bajeti pamoja na kiwango ambacho halmashauri haitakiwi kukivuka. Huku chini nako, mitaa inakutana na kutaja vipaumbele vyake. Tangu 2002 kulikuwa na utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, wananchi wakikalishwa chini na wawezeshaji na karatasi za manila, wakichambua walicho nacho na wanachokosa. Utaratibu mzuri kabisa, ila mara nyingi ukomo ulifika baada ya karatasi za manila kukunjwa. Mtaa ulioomba zahanati, madarasa, daraja la waenda kwa miguu na taa za barabarani ulirudishiwa mstari mmoja, tena wa matundu ya vyoo. Watendaji wa kata wakaisoma hali. Wengine walikuwa wakiniletea orodha ileile kila mwaka, wamebadilisha tarehe tu, na sikuwalaumu.

Halafu kuna suala la fedha zenyewe ni za nani. Sehemu kubwa ya bajeti ya halmashauri ni ruzuku, na sehemu kubwa ya ruzuku ni mishahara ya walimu na watumishi wa afya. Diwani hana la kuamua hapo. Uwanja wake hasa ni mapato ya ndani: ushuru wa huduma, ambao enzi zangu ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ya makampuni, ushuru wa masoko na stendi, leseni, vibali vya ujenzi, ada za taka. Nayo yameshawekewa masharti. Asilimia 10 ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa nne, nne na mbili ulioingizwa kwenye sheria mwaka 2018. Tena halmashauri zenye mapato makubwa zilitakiwa kupeleka asilimia 60 kwenye maendeleo, ndogo asilimia 40. Baada ya hapo ndipo waheshimiwa wanaanza kubishana, na hapo hapo wanakumbushwa kwamba gari la taka halina mafuta.

Sasa niwasimulie maboma.

Huku kwetu wananchi hawasubiri. Wanachangishana matofali, mchanga na nguvu, wananyanyua kuta za zahanati mpaka kwenye lenta, kisha wanaitazama halmashauri ipaue. Jengo la namna hiyo, lenye kuta bila paa, tunaliita boma, na mijini yapo kwenye kata nyingi za pembezoni. Mwaka mmoja yaliletwa matatu mbele ya Kamati ya Fedha na Uongozi, kila moja na diwani wake, na fedha iliyokuwepo ilitosha kuezeka mawili.

Mhandisi alisoma makadirio ya mbao, mabati, misumari, ubao wa pembeni na fundi. Afisa Mipango akaleta jedwali la idadi ya watu na umbali wa kila kata hadi kituo cha afya kilicho karibu. Jedwali lilikuwa linaonyesha waziwazi boma lipi lisubiri. Mganga Mkuu alisema jambo ambalo nililiandika kisha nikalipigia mstari: hata akiezekewa yote matatu, watumishi alionao wanatosha kufungua moja. Hakuna aliyemjibu. Diwani wa boma la tatu, mtu mzima aliyekuwa amekaa muda mrefu kwenye Baraza, akasimama taratibu. “Mstahiki Meya, mimi nirudi kwa watu wangu niwaambie nini? Wamebeba matofali kichwani. Naomba tugawane.”

Tugawane. Kama kuna kauli iliyoharibu miradi mingi mijini kuliko wizi, kwangu mimi ni hiyo. Ni ya kiungwana, haimuudhi mtu, na kila diwani anaondoka na kitu cha kusema jukwaani. Kamati ikaafiki, fedha ikakatwa mafungu matatu. Kila boma likapata mbao na mabati machache yaliyofungiwa stoo kwa mtendaji. Hakuna lililoezekwa. Masika ikaja, mbao zikapinda, kuta za udongo-saruji zikaanza kumomonyoka pale juu zilipoachwa wazi, na ndani ya chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia yakaota magugu yaliyofika kifuani. Nilikwenda na kamati kwenye ziara ya ukaguzi. Mwenyekiti wa mtaa alitukaribisha kwa heshima zote, akatuonyesha kile chumba, akasema tu, “Mnaona wenyewe, waheshimiwa.”

Mwaka uliofuata hoja ilirudi. Safari hii aliyesema ni diwani kijana wa kata nyingine kati ya zile tatu, mwanamke, mwalimu wa zamani, ambaye mpaka siku ile wenzake walimhesabu kuwa mkimya. Alisema tukusanye fedha yote na tumalize moja baada ya jingine, tuanze na lenye watu wengi, na hilo halikuwa lake. Ukumbi ulitulia kidogo, maana diwani kuachia zamu yake ni jambo adimu. Kisha akanigeukia mimi, si Meya. “Mama, naomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba mwaka ujao ni kata yangu, na mwaka wa tatu ni ya mzee hapa. Iandikwe hivyo hivyo.” Meya akauliza wanaoafiki, wakasema ndiyo. Nikaandika hivyo hivyo.

La kwanza likaezekwa. La pili lilikuwa limepangiwa fedha, lakini hapa ndipo inabidi nieleze jambo ambalo waandishi wa habari wetu hawalifuatilii. Bajeti ikishapita Baraza, ikaenda Kamati ya Ushauri ya Mkoa, ikafika TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa, na hatimaye bungeni, kilichopatikana ni ruhusa ya kutumia. Fedha inakuja au haiji. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na makusanyo yanaingia kwa kudondoka. Mweka hazina ana rundo la hati za malipo na akaunti isiyotosha. Nani alipwe wiki hii? Mzabuni wa vifaa vya ofisi, mkandarasi wa taka anayetishia kuegesha magari, posho za kikao kilichopita, au mabati? Hapo ndipo jiji linapoamua, na maamuzi hayo hupitiwa kila mwezi kwenye Kamati ya Fedha, katika ile taarifa ya mapato na matumizi iliyo nyuma ya kabrasha. Diwani anayeuliza kilichopangwa ataonyeshwa jedwali zuri. Yule mwalimu alijifunza kuuliza kilicholipwa, kasma kwa kasma, tena kwa sauti ya upole. Kulikuwa na mkuu wa idara mmoja aliyekuwa akiomba udhuru siku za kikao kwa sababu yake.

Boma la pili likapata mabati yake kabla ya Juni 30. Kisha likaja vumbi la Uchaguzi Mkuu wa 2015. Baraza likavunjwa, madiwani wengi hawakurudi, mzee wa boma la tatu akaangushwa kwenye kura za maoni za chama chake, na Mkurugenzi akahamishwa. Ahadi ya mwaka wa tatu ikawa haina mwenyewe.

Miaka yangu ya kazi nayo ilikuja na mageuzi yake. Nilikuwepo mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilipofutwa, na watu walishangilia kwa haki, maana migambo walikuwa wakiwafukuza watu mpaka minadani. Mwaka 2016 kodi ya majengo ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato, na kuanzia 2021 ikaanza kukatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mwaka 2017 barabara zetu zikaenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Wenzangu wengi waliomboleza. Mimi sikuwa na hakika. Tulikuwa tukiikusanya kodi ya majengo vibaya: daftari la nyumba lilikuwa la zamani, na mitaa mizima haikuwa imethaminiwa. Lakini kuna kitu kiliondoka nayo. Zamani mwenye nyumba alikuwa anakuja ofisini na stakabadhi mkononi, anaigonga mezani na kuuliza mtaro wa mbele ya nyumba yake utazibuliwa lini. Mita ya umeme haigongwi mezani. Na kwa upande wa barabara, diwani bado anapigiwa simu alfajiri kuhusu kalavati lililozolewa na mvua, anajibu kwamba hilo si la halmashauri tena, na anayempigia hamwamini.

Wakaguzi walikuja kila mwaka. Halmashauri ilipopata hati safi tulikula pilau, na ilistahili, kwa sababu kujibu hoja za Mkaguzi Mkuu (CAG) ni kazi ya kukesha. Ila hati safi hutolewa kwa hesabu zilizoandikwa vizuri. Mabati yaliyofungiwa stoo yalikuwa yameandikwa vizuri sana.

Boma la tatu liliibuka tena kwa njia ambayo sikuitarajia. Diwani mpya wa kata ile, kijana wa bodaboda aliyeingia kwa kishindo, alikuja masjala kuniuliza kama ni kweli wazee mtaani wanavyosema, kwamba kata yao ina zamu iliyoandikwa. Muhtasari uliothibitishwa ni haki ya kila diwani kuuona, hivyo nikamtolea faili. Akausoma akiwa amesimama, akaomba nakala. Kwenye kikao cha Kamati kilichofuata, chini ya yatokanayo, aliusoma neno kwa neno, pamoja na jina la aliyetoa hoja na majina ya walioafiki, na mmoja wa walioafiki alikuwa amekaa pale pale, safari hii akiwa kwenye kiti cha Naibu Meya. Mwalimu wetu, aliyekuwa amerudi kwa muhula wa pili, hakusema kitu. Hakukuwa na haja.

Kulikuwa na waliosema uamuzi wa Baraza lililovunjwa haulifungi Baraza jipya. Mwanasheria akakubaliana nao nusu, akaongeza kwamba Baraza jipya likitaka kwenda kinyume inafaa liseme kwa nini, na liandike. Hakuna aliyetaka jina lake liwe kwenye aya hiyo. Fedha ikatengwa. Ikalipwa kwa kuchelewa, fundi akagoma mara moja katikati, lakini paa likakamilika, na jiwe la uzinduzi likachorwa jina la mgeni rasmi aliyekuwa hajawahi kufika kata ile kabla ya siku hiyo.

Mganga Mkuu alikuwa yule yule. Alipeleka muuguzi mmoja na mhudumu mmoja, ndio aliokuwa nao, kama alivyosema kwenye kikao cha kwanza na hakuna aliyemjibu. Muuguzi alikaa miezi michache akaomba uhamisho: alikuwa amepanga chumba mbali, na usiku hakukuwa na usafiri wa kumfikisha kwa mama anayejifungua. Kabrasha la robo iliyofuata nililibana mwenyewe. Agenda ya saba ilikuwa ujenzi wa nyumba ya mtumishi, wananchi wakiwa wameshapandisha kuta mpaka kwenye lenta.