Arbuni Si Mali ya Fundi

Wazee wetu walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Neno hilo nililisikia tangu utotoni, lakini sikulielewa mpaka liliponiaibisha mbele ya mtoto mdogo.

Mimi ni fundi wa kushona nguo katika mtaa wa Jericho, Nairobi. Mwaka wa 2014 nilinunua cherehani iliyokwisha tumika, nikapanga kibanda. Kazi niliijua, wala wateja hawakukosekana, kwa maana Jericho, Makadara na Buruburu kuna watoto wengi wa shule. Hata hivyo kila mwisho wa mwezi sikuwa na kitu. Nililaumu kodi, nikalaumu bei ya vitambaa, nikalaumu mitumba ya Gikomba. Nafsi yangu sikuilaumu.

Desturi yangu ilikuwa hii. Mteja akitaka sare ya Shs. 1,200/-, alinipa arbuni ya Shs. 600/- ili nikanunue kitambaa Biashara Street. Fedha hiyo iliingia katika simu pamoja na fedha zangu zote. M-Pesa, iliyoanza mwaka wa 2007, ni msaada mkubwa kwetu wenye biashara ndogo. Lakini simu haisemi shilingi hii ni ya nani. Jioni, nilipokwenda Burma na rafiki zangu kula nyama, nilitazama salio nikajiona tajiri. Baadaye nilinunua kitambaa cha mteja wa kwanza kwa arbuni ya wa pili, na cha wa pili kwa arbuni ya wa tatu. Mchezo huo huendelea vizuri mpaka siku asipokuja mteja mpya.

Siku hiyo ilifika Januari 2016. Shule zilikuwa zifunguliwe kesho yake. Mama mmoja jirani, aliyelipa arbuni tangu Novemba, alikuja na binti yake. "Fundi, tumekuja kuchukua sare," akasema. Hata kitambaa sikuwa nacho. Nikaanza kubuni habari za ugonjwa. Yule mtoto akaitazama cherehani, kisha akamwambia mamaye, "Twende tu, mama. Kesho nitavaa ile ya zamani." Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi.

Usiku ule nilichukua daftari, nikaandika jina la kila aliyenidai. Walikuwa watu 9, jumla Shs. 5,400/-. Katika simu mlikuwa na Shs. 240/-. Basi kwa muda wa miezi mitatu nilikwenda Gikomba kila alfajiri kupunguza suruali za mitumba kwa ujira, na saa nne nikafungua kibanda changu. Sare ya binti yule niliishona kwanza, na salio sikumdai mamaye.

Tangu hapo nashika mambo matatu. Kwanza, arbuni ni amana. Kitambaa hununuliwa kabla sijashika senti ya chakula. Pili, sitaji siku ya kumaliza kazi kabla ya kufungua daftari, kwa sababu ahadi ni deni. Tatu, hujilipa mshahara kila Jumamosi kama mtu aliyeajiriwa, na nyama huila kwa mshahara huo. Ukiisha Jumanne, hungoja Jumamosi.

Sikuwa mtu mwema kwa siku moja. Mara mbili nilirudia desturi ya zamani, na mara zote mbili daftari lilinishitaki. Lakini leo nina cherehani mbili na kijana mmoja ninayemfundisha kazi, na jambo la kwanza nililomfundisha si kushona, bali kuandika.

Mwaka wa 2019 mama yule alirudi na mtoto wake mdogo. Alishika fedha mkononi, asinipe. "Fundi," akauliza, "utaandika?" Nikaandika mbele ya macho yake, yeye akasoma, ndipo akanipa. Sikukasirika. Uaminifu nilioupoteza kwa Shs. 600/- ulinigharimu miaka mitatu kuurudisha.