Nairobi hadi Dar: kilomita 668 na hesabu yangu mbovu

Nimepotea kidogo, kazi zimenibana, lakini leo nina kisa cha msimbo ambacho nimekaa nacho tangu mwaka 2016.

Siku hizo nilikuwa nimeandika kijiprogramu cha kupima umbali baina ya viwanja vya ndege. Unakipa latitudo na longitudo, kinatumia kanuni ya havasaini na nusu kipenyo cha dunia cha kilomita 6,371, halafu kinagawanya jibu kwa kasi ya kilomita 800 kwa saa. Kwa Nairobi na Dar es Salaam kikanipa kilomita 946 na dakika 71. Tiketi nazo huandika kama saa moja na robo. Nikajipongeza!

Asubuhi moja binamu yangu akanipigia kutoka Kariakoo. Mama mdogo, aliyenilea miaka mitatu, amefariki alfajiri, na maziko ni baada ya adhuhuri. Ndege niliyopata ilikuwa ya saa saba na nusu mchana. Nikafungua kijiprogramu, nikajibu kwa kujiamini kabisa, "Mwambie Mjomba anisubiri mpaka alasiri. Saa tisa kasorobo niko Dar." Mjomba akakubali, na wenyewe mnajua kwetu maiti hacheleweshwi ovyo.

Ndege haikuchelewa hata dakika. Kilimanjaro upande wa kulia, chai, tukashuka saa tisa kasorobo kama nilivyosema. Kisha foleni ya uhamiaji, dakika 50. Kisha Barabara ya Nyerere. Daraja la juu la Tazara lilikuwa bado (lilifunguliwa 2018), teksi ikakwama pale mpaka dereva akazima injini. Nilifika Kariakoo saa kumi na moja kasoro dakika kumi, nikakutana na watu wanarudi kutoka makaburini. Mjomba alinishika mkono, akasema, "Tulikungoja, mwanangu," basi. Hakuniuliza kitu.

Usiku ule, usingizi ukikataa, nikaufungua msimbo. Dar nilikuwa nimeiandika 6.878 na alama ya kutoa mbele, sawa. Nairobi nimeiandika 1.319 bila alama, kana kwamba uwanja wetu uko kaskazini mwa ikweta! Ukirekebisha, umbali wa kweli ni kilomita 668 hivi. Ila sasa programu inasema dakika 50, na hizo hazitoshi, maana ndege hutambaa uwanjani, na ikipanda au kushuka haiko kwenye mwendo wake kamili. Makosa mawili yalikuwa yamefidiana, ndiyo maana sikushuku. Basi la kupitia Namanga na Arusha huenda kama kilomita 900, na mimi sikujiuliza vipi ndege ipite njia ndefu kuliko basi.

Alama ile niliirekebisha kwa sekunde mbili. Lakini saa ya kutua nilikuwa nimeipatia, jamani, na bado sikumzika mama mdogo.

Siku hizi kijiprogramu kina kisanduku kingine, "dakika za ardhini", ambacho najaza mwenyewe kwa mkono. Kwa Dar nimeweka 125, zile zile za siku ile. Daraja limefunguliwa na sijazipunguza.