Nilikuwa Naweka Pesa ya Kidevu, Kumbe Shida Ilikuwa Pumzi

Kwa miaka miwili hamjawahi kuniona kwa video kamera ikiwa chini. Hiyo si bahati mbaya. Simu yangu hukaa juu ya kabati, taa ya duara juu zaidi, na mimi nimenyoosha shingo kama twiga. Yote ni kwa sababu ya kidevu changu cha pili.

Mimi ni msichana mnene. Siongei ule unene wa "umenawiri siku hizi" wa shangazi zetu. Naongea ule ambao daktari anauandika kwa faili. Na siko peke yangu: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulisema mwanamke mmoja kati ya watatu Kenya, wa miaka 15 hadi 49, ana uzito uliozidi. Lakini kwa kazi yangu, mtu haoni mwili wote. Anaona uso. Kwa hivyo nikaamua kidevu kiende.

Nilikuwa nimesoma kila kitu. Kuna sindano ya asidi ya dioksikoliki, dawa inayofanana na ile asidi ya nyongo ambayo mwili hutumia kumeng'enya mafuta. Marekani waliiruhusu 2015. Inadungwa chini ya kidevu mara nyingi kwa kikao kimoja, na unaweza kurudi hadi vikao sita, angalau mwezi mmoja kati ya kila kimoja. Kuna pia mashine ya kugandisha mafuta kwa baridi. Hakuna kisu, hakuna kulazwa. Nikaenda kliniki moja hapa Nairobi, wakanipiga picha za pembeni, wakanipa bei na kuniambia nilete diposti. Hakuna aliyeniuliza ninalalaje.

Sasa, usingizi wangu ulikuwa noma kitambo. Nililala saa nane na kuamka kama mtu aliyebeba simiti usiku kucha. Kichwa kikiuma asubuhi. Kwa matatu nilikuwa napitishwa steji hadi makanga wananijua. Nikajiambia ni stresi, ni simu, ni maisha. Nyumbani walisema tu mimi ni mvivu, na nikawaamini.

Wiki moja kabla ya kupeleka diposti, mdogo wangu alikuja kulala kwangu. Asubuhi hakusema "umeamkaje". Alinipa simu yake tu. "Dada, sikiza hii."

Nilijisikia nikikoroma, sawa, hiyo nilijua. Halafu kimya. Nikahesabu moja, mbili, tatu, hadi kumi na nane. Halafu sauti ya mtu anayetolewa majini. Halafu kukoroma tena.

"Nilidhani umekufa," akaniambia. Hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa macho hadi alfajiri akiangalia kifua changu.

Ile pesa ya diposti, sehemu yake ililipa kipimo cha usingizi. Unapewa kifaa unaenda nacho nyumbani: mkanda kifuani, mrija mdogo puani, kibanio kidoleni cha kupima oksijeni. Majibu: pumzi yangu ilikuwa inakatika au kupungua mara 24 kila saa. Kutoka 15 hadi 30 wanaita apnea ya usingizi ya kiwango cha kati. Ikizidi 30 ni kali.

Nilimuuliza daktari swali ambalo wengi wenu mngeuliza: si basi nikitoa haya mafuta ya kidevu, koo litafunguka? Akachukua karatasi akanichorea. Sindano ya kidevu hufanya kazi kwenye mafuta yaliyo kati ya ngozi na msuli mwembamba wa shingo. Yaani nje. Kinachoziba njia ya hewa ukilala kiko ndani: kuta za koo, na ulimi. Ndiyo, ulimi pia hunenepa. Kidevu changu kilikuwa ishara tu ya kinachoendelea ndani, na mimi nilikuwa nataka kufuta ishara.

Kinachosaidia kinajulikana. Kuna mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge, iliyobuniwa Australia. Kulala kwa ubavu badala ya chali. Kupunguza uzito wa mwili mzima, maana ulimi nao hupungua. Na Desemba 2024 Marekani waliruhusu dawa ya kwanza ya apnea kwa watu wazima wenye unene wa kupita kiasi, tirzepatide. Hiyo ni ya daktari, si ya kununua kwa mtu wa mtandaoni.

Mimi niko kwa mashine. Bei yake ilinikodolea macho, kwa hivyo pesa yote ya kidevu iliyobaki ikawa malipo ya kwanza, na bado nalipa pole pole. Si urembo. Nikivaa ile barakoa nakaa kama rubani wa ndege ya vita, na wiki ya kwanza nililia nikijiuliza nani ataniona hivi. Wiki ya tatu niliamka kabla ya alamu. Nilikaa kitandani tu nikishangaa, kichwa hakiumi.

Sitawaambia msiguse kidevu. Uso ni wako, pesa ni yako. Jua tu kwamba sindano inaweza kuleta uvimbe, ganzi, na wakati mwingine tabasamu la kwenda upande mshipa wa fahamu ukiguswa. Ukiamua, enda kwa daktari aliyesajiliwa. Ila kabla hujatoa shilingi, mwambie mtu akusikilize ukilala. Kama unakoroma, unaamka umechoka, presha iko juu, au shingo yako imepita sentimita 41, pima usingizi kwanza. Sisi wanawake tunakosewa sana hapa, kwa sababu mara nyingi tunalalamika uchovu na kukosa usingizi, na tunaambiwa ni mawazo.

Kidevu changu bado kipo. Video ya leo nimeipiga simu ikiwa mezani. Mdogo wangu ndiye aliyeishika mwisho, halafu akaenda kulala, na akalala.