Wosia kwa Mafundi Vijana: Fremu Kwanza, Injini Baadaye

Wanangu wa karakana,

Mwezi huu nakabidhi kazi. Spana, vaisi na pampu nimekwisha kuwagawia kwa mdomo, na kila mmoja anajua fungu lake. Hili moja nimeliandika, kwa sababu ni la uhai wa watu na neno la mdomo husahaulika.

Vijana wanazidi kuleta baiskeli pamoja na boksi la injini, wakitaka wafungiwe waende nayo shambani, sokoni na mashineni. Siwakatazi kazi hiyo. Ni riziki halali, na mtu aliyesukuma magunia juani miaka nenda miaka rudi anastahili kupumzisha miguu. Ninachowausia ni hiki: kabla ya kufungua boksi la injini, ikagueni fremu. Ikishindwa, kazi iishie hapo.

Fremu ya baiskeli ilikadiriwa kwa miguu ya binadamu. Mtu mwenye afya akikanyaga kwa saa nyingi hutoa kama wati 75 hadi 100. Injini ndogo ya cc 49 hutoa zaidi ya wati 1,000, tena inazunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, na kila mzunguko ni mtikisiko unaopita kwenye mabomba na viungo. Mwendo nao una hesabu yake: ukitoka kilomita 15 kwa saa hadi 45, nishati ambayo breki zinapaswa kuizima haiwi mara tatu, inakuwa mara tisa.

Mwaka 1946, mjini Hamamatsu, Japani, Soichiro Honda alichukua injini ndogo zilizokuwa za kuendeshea jenereta za redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli za kawaida. Zilipata wateja wengi. Lakini mwaka 1949 kampuni yake ilipotoa pikipiki yake ya kwanza kamili, Dream D, iliipa fremu yake yenyewe, ya bati la chuma lililokandamizwa. Jifunzeni hapo: nguvu ikiongezeka, fremu nayo haina budi kubadilika.

Sasa sikilizeni namna ya kuchagua. Kwanza, tafuteni chuma. Wekeni sumaku kwenye bomba. Isiponasa, hiyo si chuma, kwa kawaida ni aluminiamu, na aluminiamu msiifungie injini. Chuma kikitikiswa chini ya kiwango fulani hustahimili miaka mingi. Aluminiamu haina kiwango hicho. Hata mitikisiko midogo hujilimbikiza ndani yake mpaka siku inapasuka, mara nyingi karibu na kiungo. Wala msiseme mtaichomelea. Joto la kuchomelea huilegeza, na kuirudishia ugumu kunataka tanuri ambalo hatuna.

Pili, tazameni umbo. Baiskeli ya kike isiyo na bomba la juu haina pembetatu ya kubeba injini, kwa hiyo iacheni. Zile nyeusi za inchi 28, Phoenix, Hero, Avon na Raleigh za zamani, zina pembetatu pana, na mabomba yake yameunganishwa kwa vikombe vya chuma na shaba. Injini ikae humo bila kulazimishwa: pedeli zizunguke bila kuigusa, na cheni yake ipite bila kukwaruza tairi wala bomba la nyuma.

Tatu, na hapa msiharakishe, ikagueni ikiwa uchi. Ondoeni magurudumu, iosheni kwa mafuta ya taa na brashi, kisha igeuzeni juu chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na nyufa nyingi hujificha chini: bomba la mbele linapokutana na kichwa cha fremu, ekseli ya pedeli inapopita, ekseli ya gurudumu la nyuma inapokaa, na shingo ya foku. Mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi, ufuateni kwa ukucha. Rangi iliyokunjamana au uvimbe chini ya bomba, nyuma kidogo ya kichwa, ni alama ya fremu iliyogonga kitu kwa mbele.

Kisha chukueni uzi. Ufungeni pale ekseli ya nyuma inapokaa upande mmoja, uzungusheni kichwa cha fremu, urudi upande wa pili, uvutwe ukaze. Pimeni umbali wa uzi hadi bomba la siti, kushoto na kulia. Vipimo visipolingana, fremu imepinda.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa fremu ya kubeba injini mimi nawausia vingine: ufa hauzibwi, fremu inawekwa kando.

Nne, msitoboe bomba kamwe. Vishikizo vya injini hizi vingi vilikatwa kwa bomba la milimita 28.6. Bomba likiwa nene zaidi, kijana mwenye haraka hushika drili. Tundu hilo ndilo mlango wa ufa. Tengenezeni kishikizo kipana kinacholikumbatia bomba. Na kikaza cheni kinachofungwa kwenye bomba la nyuma kikazeni kwa uangalifu, maana kikiteleza huingia kwenye spoki na gurudumu hukwama ghafla.

Tano, fremu isiyo na mahali pa kufungia breki nzuri si fremu salama, hata iwe nzito namna gani. Hizo baiskeli nyeusi ninazozisifu zina udhaifu huo. Breki zake za vyuma virefu hubana rimu kwa ndani, na rimu ikilowa hazishiki. Zilitosha mwendo wa miguu. Kwa injini, tafuteni foku na habu za kupokea breki za ngoma, mbele na nyuma. Foku za springi za bei rahisi, zinazocheza ukizitikisa, msizikubali.

Mkikataa fremu, mteja atanuna, na pengine atakwenda kwa jirani. Mshikeni mkono, wekeni kidole chake juu ya ufa, mwambieni ni fremu gani mtakayomfungia injini na kwa bei gani. Akiondoka, aondoke akijua. Msiione fedha ya siku moja kuwa kubwa, kwa kuwa juu ya keria ya baiskeli hiyo atakaa mtoto anayepelekwa shule au mama anayekwenda zahanati, na hao hawakuulizwa chochote kuhusu fremu. Ninyi ndio mliowachagulia.

Atakayekuja kujifunza kwenu, mfundisheni kukagua kabla ya kufunga. Mungu awape riziki, subira, na ujasiri wa kusema hapana.

Mzee wenu wa karakana