Haki Inayotangulia Sala ya Idi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetufaradhishia funga na akatupa baada yake siku ya kufurahi. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, kila mwaka unapokaribia mwezi mwandamo wa Shawwali, miji yetu ya pwani hugeuka. Madukani hapapitiki, mafundi cherehani hukesha, na majumbani hupikwa visheti, vileja na tambi. Usiku ule takbira husikika kutoka misikitini mpaka alfajiri, na asubuhi watoto hutoka wamevaa vipya, wakipita nyumba hadi nyumba kuwaamkia wakubwa na kupewa sikukuu yao. Haya yote ni mazuri, na mimi niliyekulia katika hayo siyasemi kwa ubaya. Nataka kusema juu ya mpango wa siku ile: kipi sheria imekitanguliza, na kipi imekiweka nyuma.

Zakatul fitri ilifaradhishwa katika mwaka wa 2 wa Hijra, mwaka ule ule iliofaradhishwa saumu ya Ramadhani. Katika Hadithi ya Ibn Umar, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, tunasoma kuwa Mtume (s.a.w.) aliiwajibisha pishi moja ya tende au ya shayiri kwa kila Mwislamu, mwanamume na mwanamke, mdogo na mkubwa, na akaamrisha itolewe kabla watu hawajatoka kwenda kusali. Na Ibn Abbas (r.a.) amepokea, kama alivyoeleza Abu Daud, kuwa zaka hii humtakasa mfungaji na maneno ya upuuzi yaliyomtoka katika mwezi, na ni chakula cha maskini. Mwenye kuitoa kabla ya sala ni zaka iliyokubaliwa, na mwenye kuitoa baada yake imekuwa sadaka kama sadaka nyingine.

Sasa angalieni. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, sala ya Idi ni sunna iliyotiliwa nguvu, na zakatul fitri ni faradhi. Mtu aliyelala akapitwa na sala ya Idi amekosa fadhila kubwa, lakini aliyelala na mchele wa maskini ndani ya nyumba yake mpaka siku ikapita, bila ya udhuru, amebeba dhambi na deni pamoja. Hebu tujiulize ni wangapi miongoni mwetu wanaohangaika usiku kucha kwa ajili ya kanzu ya kusalia, na mchele wa maskini hawajui kama umefika au haujafika.

Marehemu baba yangu alikuwa na pishi ya mbao iliyopigwa bati ukingoni. Usiku wa kuamkia Idi, baada ya sala ya Magharibi, alikaa chini sebuleni, mbele yake gunia la mchele, akatuita mmoja mmoja kwa majina. Kila aliyeitwa alikuja akatazama pishi yake ikipimwa vibaba vinne kamili na kumiminwa katika kikapu. Mdogo wetu aliyekuwa bado ananyonya, mama alimleta mikononi, na yeye akapimiwa yake. Baba hakutufanyia mawaidha marefu. Alisema tu, "Hii si yako tena, ya mwenyewe." Nimesoma vitabu vingi vya fiqhi tangu siku zile, na sikupata maelezo ya zaka yaliyoniingia zaidi ya neno lile. Mchele ule ulikuwa una mwenyewe, nasi tulikuwa tumeuweka tu.

Kwa mizani ya leo pishi ile ni kadiri ya kilo 2.5 za mchele, na wengine huzidisha kidogo kwa kuchukua hadhari. Si mzigo mkubwa kwa mtu mmoja. Na angalieni hekima yake: hailazimu kwa tajiri peke yake. Yeyote anayebakiwa na chakula kuzidi kinachomtosha yeye na walio juu yake kwa usiku na mchana wa Idi, na akawa hana deni wala haja nyingine ya lazima inayokila, imempasa kutoa. Mtaani kwetu alikuwako bibi kizee mmoja aliyekuwa akiletewa fitri za nyumba tatu au nne. Zikisha kumfikia hupima pishi yake mwenyewe, akaifunga katika upande wa kanga, akampeleka nayo mjukuu wake kwa kipofu aliyekaa nyuma ya msikiti. Watu wengine wakimcheka, wakisema, "Bibi, wewe unapewa, vipi utoe?" Naye akijibu, "Kupewa nimepewa na nyinyi. Kutoa nimeamrishwa na Mola wangu." Bibi yule hakusoma kitabu, lakini jibu lake ndilo la wanavyuoni. Usiku ule mmoja alikuwa maskini na alikuwa mtoaji, na hakuna aliyeweza kumdharau.

Basi tukisha kuujua wajibu, yafuata kumjua mwenyewe haki. Na hapa ndipo tunapoteleza wengi. Tumezoea kumpa anayekuja mlangoni. Huyo ana haki, hafukuzwi. Lakini Mwenyezi Mungu, katika Suratul Baqara, aya ya 273, ametuelekeza kwa mafakiri wengine: wale ambao asiyewajua huwadhania ni matajiri kwa vile wanavyojizuia, wasiong'ang'ania watu kwa kuwaomba. Hawa hawaji mlangoni. Hawa ni kutafutwa.

Nimesomesha chuoni kwa miaka mingi, na mwalimu wa chuo huona mambo ambayo baba wa nyumba hayaoni. Baada ya mapumziko ya Idi watoto hurudi na hadithi zao: huyu kapata hiki, yule kapelekwa kutembea kule. Alikuwako mtoto mmoja, umri wake kama miaka tisa, yatima wa baba, mwenye hifadhi nzuri sana. Idi mbili zilipita wenzake wakisema hawakumwona, alikuwa na homa. Idi ya tatu wakasema vile vile. Nikamweka nyuma baada ya darasa nikamwuliza kwa upole, homa gani hii inayomjua mwezi mwandamo? Akainama akaniambia, "Maalim, si homa. Siku ya Idi mama hutufungia mlango. Wenzetu wakija kutuita, husema tunaumwa."

Mama yule alikuwa akikaanga mahamri na kuuza asubuhi. Waliopita mbele ya nyumba yake waliona kizingiti kimefagiwa, na watoto wake wamevaa nguo kuukuu lakini safi, wakajua hali yake ni njema. Hakumwomba mtu. Yeye hakuwa na cha kuwavalisha wanawe, wala sarafu za kuwatia mkononi watoto wa wenzake wakija kuamkia. Akaona afadhali mlango ufungwe kuliko aibu ifunguke. Fikirini, ndugu zangu: siku ambayo Mwenyezi Mungu ameiharamisha hata kufungwa saumu ili watu wote wale na wafurahi, nyumba ya Mwislamu katikati ya Waislamu imejifungia ndani kwa haya.

Nilizungumza na wazee wachache wa mtaa bila ya kutaja jina la nyumba. Tukakubaliana mambo mawili. La kwanza, mchele wa fitri usingoje asubuhi. Katika madhehebu yetu yafaa kuutoa tangu kuingia Ramadhani, basi ukusanywe siku za mwisho wa mwezi, na vijana waupeleke usiku, waweke, wabishe hodi, waende zao. La pili ni la nguo. Hili halikutoka katika fitri, maana fitri ni chakula na hubaki kuwa chakula. Hili lilikuwa sadaka ya hiari. Tulinunua jora moja la kitambaa cha kanzu, na jora moja la nguo za wasichana, akapewa fundi mmoja kushonea watoto wa chuo wote. Mwenye uwezo alilipa ya mwanawe na akazidisha, asiyekuwa na uwezo hakuulizwa. Asubuhi ya Idi watoto wote walitoka na kitambaa kimoja. Hapana mtu aliyeweza kunyoosha kidole akasema, "Yule kavalishwa." Mlango ule nao ulikuwa wazi, na sahani ya mahamri imewekwa mkekani kwa kila anayeingia.

Wala jambo hili si jipya. Ummu Atiyya (r.a.) ametueleza kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha wanawake watoke siku ya Idi, hata wasichana wa ndani, na hata walio katika ada zao washuhudie kheri, ijapokuwa hawasali. Akaulizwa juu ya mwanamke asiyekuwa na jilbabu ya kujifunika, naye akaagiza kuwa mwenziwe amvishe katika za kwake. Hakusema mwanamke huyo abaki nyumbani. Basi tangu siku zile za Madina, nguo ya asiyekuwa nayo ni juu ya mwenziwe, ili asikose siku ya Idi.

Siku hizi limezuka jambo linaloniumiza moyo. Hupangwa mafungu ya unga na mchele, akina mama wakapangwa mstari, wakapigwa picha wakipokea, na picha zikarushwa katika simu za watu. Enyi mnaofanya haya, najua wengine mnakusudia kuwahimiza watu, au kuwaonyesha waliochanga kuwa amana imefika. Basi pigeni picha magunia. Uso wa mjane uacheni. Mwenyezi Mungu ametuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimango na maudhi, na ni masimango gani yaliyo makubwa kuliko mtoto kumwona mama yake katika simu ya mwenziwe, mkono umenyooshwa?

Nataka kuwakumbusha pia wenzetu wavuvi. Mwaka wetu wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote katika muda wa miaka kama 33. Idi za mwaka 2016, 2017 na 2018 zilituangukia katika miezi ya Juni na Julai, wakati kusi limepamba moto. Mwenye mtumbwi au ngalawa hathubutu kutoka mbali wakati huo, na nyumba iliyokula vizuri wakati wa kaskazi huwa haina kitu. Mtu huyo mwaka jana alikuwa mtoaji. Mwaka huu anaweza kuwa mwenye kupewa, na hajazoea kupewa. Kwa hiyo orodha ya maskini isiandikwe mara moja ikawekwa. Kila mwaka iangaliwe upya pamoja na upepo.

Na ikiwa mtu bado ana shaka ni kipi kilicho asili katika siku hii, na akumbuke Idi ya mwaka 2020, tarehe 24 Mei. Hapa Kenya misikiti ilikuwa imefungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na Mji wa Kale wa Mombasa ulikuwa umezuiliwa kutoka na kuingia tangu mwanzoni mwa mwezi huo. Hapakuwa na jamaa uwanjani, hapakuwa na kutembeleana, watoto hawakuzunguka. Tulisali majumbani, baba mbele, wanawe na mkewe nyuma. Mambo yote tuliyoyazoea yaliondoka. Zakatul fitri haikuondoka. Tena ndiyo siku iliyohitajika zaidi, maana wapagazi, mahamali na wauzaji wa barabarani walikuwa wamekaa bila ya kazi kwa wiki nyingi. Vijana walipita vichochoroni wakiweka mchele vizingitini, na sahani zilizofunikwa kawa zilitoka mlango huu zikaingia mlango ule. Nilipomsalisha mke wangu na wajukuu asubuhi ile, niliona ya kwamba Idi imetimia.

Baada ya kusema haya, sitaki mtu adhani kuwa namnyima furaha. La, hasha. Mtume (s.a.w.) aliwaachia vijakazi wawili waimbe nyumbani kwake siku ya Idi, na Sayyidna Abubakar alipotaka kuwakataza, alimwambia awaache, kwani kila watu wana sikukuu yao, na hii ni yetu. Vaeni, pikeni, mtembelee mashangazi na maami. Mliogombana patanisheni. Na mnapotoa sadaka anzeni na jamaa wahitaji, maana humo mna thawabu mbili, ya sadaka na ya kuunga udugu. Ila mke, watoto wadogo na wazazi wasiojiweza, hao ni juu yako kuwalisha, wala usiwahesabie zaka. Na Idi ya kuchinja itakapokuja, yakumbukeni haya haya: katika Suratul Hajj tumeamrishwa kumlisha anayetosheka akanyamaza na anayejitokeza ili apewe. Nyama wala damu havimfikii Mwenyezi Mungu, kinachomfikia ni ucha Mungu wetu.

Basi, ewe mwenye nyumba, usiku ule kabla ya kuulizia pilau na nguo, waite wanao uwapimie. Watazame kwa macho yao. Kisha umwulize mkeo, maana wanawake ndio wanaoijua mitaa kuliko sisi, ni mlango upi mwaka jana ulikuwa umefungwa.

Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu na zaka zetu, azisitiri nyumba za mayatima na wajane, awarehemu wazee wetu waliotufundisha kwa vitendo, na atujaalie kuziona Idi nyingine nyingi katika heri na amani. Amin.