Vietnam Katika Soko la Buhongwa

Ukishuka Buhongwa, kando ya barabara iendayo Shinyanga, hukosi kuona laini za Halotel zikiuzwa. Wachache wajua kuwa mali hiyo ni ya Viettel, kampuni ya Wizara ya Ulinzi ya Vietnam, iliyoanza kazi hapa nchini mwaka 2015.

Watu hao walitoka vitani mwaka 1975 hali ni mafukara. Mwaka 1986 wakabadili siasa ya uchumi. Mkulima akaruhusiwa kuuza mpunga wake, na kabla ya miaka 5 kwisha wakawa wauza mchele ng'ambo. Dini si yetu, lakini nao hunywa chai kwanza, bei baadaye.

Korosho za Mtwara huzinunua ghafi, wakazibangua kwao, faida ikabaki huko. Nasi viwanda vya kubangua tulivijenga miaka ya 1970, vingi vikafungwa.